Namba Nne Haiishi Chaji

Sigara za umeme tano ziliwekwa kwenye mashine asubuhi, na ilipofika saa nane mchana nne zilikuwa zimeshazima. Moja, iliyobandikwa namba nne, ilikuwa bado inavuta.

Fundi aliyekuwa akizipima hakushtuka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mnene wa wastani, mwenye mkono mtulivu, na kazini walimwita Mita kwa sababu hakuonekana bila mita ya umeme ikining'inia shingoni. Alishapima betri za simu, za tochi, za viti vya wagonjwa. Alijua betri zina vituko vyao kama watu. Akaandika "bado" kwenye karatasi, akaenda kula.

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa ikiagiza sigara hizi, zile zenye kigurudumu kidogo kitakoni ambacho mvutaji hukizungusha kupandisha au kushusha volti. Volti ndogo hutoa mvuke mwepesi. Volti kubwa hutoa mvuke mzito, wa moto, unaokaa kifuani. Bosi alitaka kuchagua aina moja kati ya tano na kuiagiza kwa wingi, na alitaka kujua kitu kimoja tu: ipi inakaa na chaji. Kwa hiyo Mita alitengeneza mashine yake mwenyewe, pampu yenye midomo mitano ya mpira, inayovuta kwa sekunde nne, inapumzika nusu dakika, inavuta tena, na kuhesabu kila mvuto kwenye skrini. Siku ya kwanza volti ndogo, ya pili volti ya kati, ya tatu volti kubwa. Jibu la jumla lilijulikana hata kabla ya kuanza. Volti ikipanda, chaji huisha upesi, kama vile mtu anayekimbia huchoka kabla ya anayetembea.

Tatizo ni kwamba mashine ina mapafu lakini haina ulimi. Hapo ndipo alipoingia Mjomba.

Alikuwa mjomba wa Mita hasa, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa darasa la tatu na kumfundisha kulehemu waya kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Ofisi nzima ilimwita Mjomba kwa kumwiga Mita. Alikuwa amevuta sigara za kawaida miaka thelathini na kuziacha kwa taabu, na ulimi wake ulikuwa bado unajua moshi vizuri kuliko mtu yeyote ghorofa ile. Kila mivuto hamsini, yeye alivuta mmoja kwa kinywa chake, akafumba macho, akasema kama ladha imeanza kuungua. Mita ndiye aliyemtafutia kazi hiyo baada ya kustaafu, na alijivunia.

"Hii namba nne," Mjomba alisema jioni ile akivaa koti, "ina mambo. Ukiivuta, nayo inakuvuta."

"Ina betri nzuri tu, Mjomba."

"Sawa, wewe ndiye fundi. Mimi ni mdomo."

Siku ile sigara nyingine zilifikisha mivuto mia tatu na kitu. Namba nne ilifikisha mia nne na tano.

Kesho yake, kwa volti ya kati, nyingine zilishuka hadi mia mbili na ishirini hivi, kama inavyotakiwa. Namba nne ilipanda. Ilipita mia nne, ikapita mia tano, ikazima kwa mia tano thelathini. Mita aliigeuza mkononi. Ilikuwa na uzito uleule wa wenzake na ukubwa uleule wa betri. Akaibadilisha koili, ule waya wa ndani unaochemsha mvuke, akapima waya wa mashine, akabadilisha hata mdomo wa mpira. Hakuona kosa.

Kitu alichokisikia ni sauti. Mashine ilipovuta ilisema "sss", kisha "tik", kisha kimya cha nusu dakika. Katikati ya kile kimya Mita alisikia kitu kama mtu anayevuta pumzi kwa pua, polepole, akiwa amelala. Alimtazama Mjomba. Mjomba alikuwa macho, amekaa kwenye kiti chake kando ya mashine, mikono juu ya magoti, mdomo wazi.

"Umechoka?"

"Hizi ngazi zenu, mwanangu. Nadhani usiku zinazaa."

Walicheka. Lakini Mjomba alicheka kwa awamu mbili, akapumzika katikati ya kicheko.

Siku ya tatu hakuja. Mkewe alipiga simu kusema kifua kimembana, anapumzika. Mita akapandisha volti hadi mwisho, akaiwasha mashine akiwa peke yake. Sigara nyingine zilifikisha mia na hamsini, mia na arobaini na tano. Namba nne ilizima kwa mia na sita, ya kwanza kufa kati ya zote tano. Chumba kilinukia vanila na hakuna kingine, na katikati ya mivuto palikuwa na kimya cha kawaida.

Alipaswa kufurahi. Badala yake alisikia uchungu wa fundi ambaye kitu cha ajabu kimemponyoka.

Bosi alipopita mlangoni alikuwa ameshaona karatasi za siku mbili za kwanza. Alikuwa mtu wa kuvaa vizuri na kusimama karibu mno na anayezungumza naye.

"Mia tano thelathini! Hii nimeshaiahidi kwa wanunuzi. Leo vipi?"

"Mia na sita."

"Haiwezekani. Umekosea mahali. Rudia, Mita. Ijumaa nataka ripoti yenye jina lako chini, maana wanakuamini wewe, hawaniamini mimi."

Siku ya nne Mjomba alirudi, amekonda shingoni. Mita akarudia kipimo kilekile, volti kubwa, Mjomba kwenye kiti chake. Kufikia adhuhuri namba nne ilikuwa imepita mia mbili na volti za betri yake hazijashuka hata kidogo. Ile sauti ikarudi, na pamoja nayo harufu: chini ya vanila palikuwa na harufu ya blanketi lililolaliwa na mgonjwa wiki nyingi bila kuanikwa. Mita akamtazama mzee, akatazama skrini, na wazo likamjia ambalo hakulitaka.

"Mjomba, hebu shuka ghalani ukaniletee boksi la koili."

Mjomba akashuka. Mita akakodolea macho mita yake. Dakika mbili baada ya mlango kufungwa, volti za namba nne zilianza kuanguka. Mzee alipokuwa chini kabisa zilikuwa zimebaki kidogo tu. Alipoanza kupanda, zikapanda naye. Mita alimsikia akisimama kwenye kila kona ya ngazi kuhema, na kila alipohema, tarakimu ziliongezeka. Alipofungua mlango, boksi mkononi, uso umepauka kama karatasi, betri ilikuwa imejaa kama iliyotoka kiwandani.

Akazima mashine. Akamwambia Mjomba aende nyumbani mapema, na Mjomba hakuuliza kwa nini.

Jioni hiyo mke wa mjomba alimpigia. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumzia jikoni ili asisikike sebuleni.

"Mwanangu, mjomba wako anatoa mvuke."

"Mvuke gani, Mama?"

"Ule wenu. Unanukia kama keki. Hajavuta kitu tangu arudi, nimempekua mpaka soksi. Amekaa tu anatazama ukuta, akipumua unatoka. Na akipumua, si yeye peke yake anayepumua. Nasikia wawili."

Mita alikuwa amesimama katikati ya chumba chake. Mtu mwingine angesema: mfungie ndani, asikanyage tena kazini. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni. Lakini kichwani alikuwa na karatasi yenye kipimo kimoja cha mia na sita na kingine ambacho hakikukamilika, na alikuwa amefundishwa, na aliyemfundisha ni Mjomba mwenyewe, kwamba vipimo viwili vinavyopingana si jibu. Lazima uwe na cha tatu.

"Ni mabaki tu, Mama," alisema. "Yatatoka yenyewe. Mwambie kesho aje nusu siku, nammalizia kazi yake."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mjomba alikuja siku ya tano kwa sababu aliitwa na mtoto aliyemlea. Alikaa kwenye kiti chake. Mita akaiwasha mashine yenye namba nne peke yake, volti hadi mwisho, saa tatu asubuhi, madirisha wazi, jua limejaa mezani, na watu wa ghalani wakitaniana chini. Hakukuwa na giza lolote pale la kusingizia.

Mvuto wa mia ulipita. Wa mia mbili ukapita. Mjomba aliacha kuonja. Mvuke wenyewe ulikuwa umeacha kumngoja. Ulipotoka kwenye bomba haukupanda juu kama mvuke wa halali. Ulilala, ukateleza juu ya meza, ukashuka ukingoni, ukampandia mzee magotini na tumboni na kuingia kwenye uwazi wa shati lake, na ulipoingia kifua chake kilibonyea, na kilipobonyea taa ndogo ya namba nne iliwaka kwa nguvu, na ile sauti ya pumzi ya puani, ambayo siku nyingine ilikuwa ya mtu aliyelala, sasa ilikuwa ya mtu aliyeamka na mwenye njaa, anayevuta kwa pupa bila kungoja zile nusu dakika, mpaka mashine ikawa inavutwa badala ya kuvuta, na midomo minne ya mpira isiyo na sigara ikaanza nayo kufumbuka na kufumba pale juu ya meza kama vinywa vya samaki.

"Mita," Mjomba alisema kwa sauti ndogo sana. "Kuna mtu amenikalia."

Swichi ilikuwa chini ya mkono wake. Alikuwa ameshaigusa. Skrini ilisoma mia tano themanini na tisa, na wazo lililompitia fundi yule wakati mjomba wake akizama mbele yake lilikuwa dogo na safi na la aibu: imebaki kumi na moja kufika mia sita.

Hakuizima.

Kwenye mia sita Mjomba aliteleza kutoka kitini bila kelele, kama nguo inayoanguka kutoka kwenye msumari.

Hospitali walimpiga picha ya kifua wakakuta mapafu hayana doa. Daktari alisema anaonekana kama mtu aliyekimbia wiki nzima bila kulala. Wakamwekea oksijeni. Alikunywa oksijeni mtungi mzima kwa nusu siku, na wauguzi wakabishana kama mtungi unavuja.

Huko ofisini mambo yakaharibika. Namba nne, iliyofungiwa kwenye droo, haikuzima tena. Mwanga wake ulipenya kwenye ufa wa droo, unafifia na kung'aa, unafifia na kung'aa. Harufu ya blanketi la mgonjwa ikashuka ngazi hadi ghalani. Wapakizi wawili waliokaa chini ya chumba kile wakaanza kukohoa, wakasema hawaingii tena hata wafukuzwe. Hapo ndipo Bosi alipoanza kuogopa.

Mke wa mjomba hakungoja ruhusa ya mtu. Siku ya tatu ya kulazwa alimtoa mumewe hospitali kwa kusaini mwenyewe, akaja naye ofisini akiwa amebebwa kwenye kiti na watu wanne, na nyuma yao akapanda mwanamke mfupi mwenye vidole vigumu vyenye alama za uzi. Kazi yake ilikuwa kushona viatu. Ile nyingine, ya kuzungumza na wasioonekana, aliifanya anapobembelezwa, na hakuonekana kuipenda.

Bosi alimwuliza kama anahitaji chetezo, ubani, chochote cha kufukiza.

"Wewe nawe," mganga alisema. "Huyu, moshi ndio kitanda chake, halafu nimtandikie? Zimeni feni. Fungueni madirisha. Kifaa kileteni hapa mezani, na kila mtu akae."

Mita akafungua droo. Sigara ilikuwa ya moto mkononi, moto wa mwili wa mtu mwenye homa. Akaiweka mbele ya Mjomba. Mzee alikuwa amefumba macho, lakini kifua chake na ile taa vilikuwa vikienda pamoja.

"Hodi," mganga alisema kwa upole, kama mtu aliye mlangoni pa jirani. "Nani yupo?"

Mjomba akafungua mdomo. Mvuke ukatoka kwanza, na sauti ikaja ndani yake, sauti laini, isiyo ya mwanamume wala mwanamke, inayokatika kila baada ya maneno machache kama ya mtu anayepanda mlima.

"Nipo mimi. Nilikuwa kwa mchomelea vyuma. Miezi saba. Kifua kizuri. Kikaisha."

Mke wa mjomba akaziba mdomo kwa kanga.

"Na hapa umefikaje?"

"Nililetwa. Nikafutwa vumbi. Nikawekewa kiti. Nikapewa mtu." Kifua cha Mjomba kikabonyea hadi shati likalegea. "Siibi mimi. Nimepewa."

Mganga akawageukia waliokaa. "Mmesikia. Huyu haondoki kwa kufukuzwa, maana hakuingia kwa nguvu. Amepewa. Aliyempa aseme kwa kinywa chake alichofanya, basi zawadi inarudi kwa mwenyewe, naye hana tena haki ya kukaa. Asipofunguka, mimi nitamtoa kwa mzee, lakini siwezi kumwambia aende wapi. Semeni. Mimi nasikiliza tu."

Mita alitazama meza.

Bosi ndiye aliyeanza, na hakuna aliyetegemea. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Ile si mpya," alisema. "Kwenye boksi la sampuli ilikosekana moja. Kulikuwa na mjane aliyekuja kuirudisha, ya marehemu mumewe, fundi wa kuchomelea. Hakutaka arudishiwe chochote. Aliiweka kaunta akasema, 'Nataka itoke nyumbani kwangu tu.' Nikaifuta, nikabandika namba. Niliona ni kifaa kama vifaa. Nilimwona yule mama alivyokuwa anatetemeka, nikafanya sikuona." Akaanza kulia kwa namna mbaya, kama mtu asiyejua kulia. "Nisamehe, Mjomba. Nisameheni."

Taa ya namba nne ilififia. Mganga akaitikia kwa kichwa, akangoja.

"Huyo ni wa kumleta," alisema. "Kuna wa kumkalisha mzee mbele yake. Fundi?"

Wote wakamtazama. Mke wa mjomba alimtazama kwa macho ya kawaida kabisa, macho ya mtu anayemwamini mtoto wake, na macho hayo ndiyo yaliyomfunga mdomo. Angesema nini mbele yake? Kwamba alijua tangu siku ya nne? Kwamba simu ilipopigwa alikuwa na jibu na akatoa jingine? Kwamba kulikuwa na mivuto kumi na moja?

"Mimi nilifanya kazi yangu tu," Mita alisema. "Nilipima."

Kwenye mvuke wa Mjomba kitu kilicheka, kicheko kidogo cha kuridhika.

Mganga akashusha pumzi, akaweka kiganja kifuani mwa mzee na kiganja kingine juu ya sigara, akaanza kusema maneno ya chini ambayo hakuna aliyeyashika. Mjomba akajikunja. Akatapika mvuke, mwingi, mzito, ukatoka kinywani na puani na hata kwenye pembe za macho, ukajaa meza, ukafunika viti, mpaka watu wakawa hawaonani na kila mmoja akawa anasikia karibu na sikio lake mtu anayenusa, anayepita kutoka huyu hadi yule kama mnunuzi anayechagua nyanya, anasimama, anaendelea, anasimama. Kisha upepo wa dirishani ukaingia, mvuke ukachanika, na chumba kikawa chumba. Namba nne ilikuwa imezima. Mita akaipima kwa mazoea tu. Ilisoma sifuri.

Mjomba akavuta pumzi moja ndefu, ya kwake mwenyewe, akaomba maji.

Watu walikumbatiana. Mganga hakukumbatia mtu. Alikuwa akikusanya viatu vyake mlangoni.

"Kwa mzee ametoka," alimwambia Mita pembeni, kwa sauti ya kusikiwa na wawili tu. "Nje sijamwona akipita. Una neno bado tumboni, mwanangu. Likikuzidi, usije kwangu. Nenda kwa uliyemfanyia, umwambie yeye. Akikujibu, hata kwa tusi, umepona. Mimi sina la kuongeza."

Mita hakuelewa maana yake kwa muda wa wiki moja. Alielewa alipogundua kwamba hachoki. Ngazi zile, ambazo kila siku zilimlazimu asimame mara mbili, alizipanda kwa mkupuo mmoja huku akiongea. Alilala kwa saa tatu tu akaamka mwepesi. Mwili wake ulikuwa na raha ambayo hakuwahi kuijua hata ujanani. Na mhasibu aliyekaa meza ya mbele yake akaomba kuhamishwa, anasema upande ule hauna hewa. Mlinzi wa getini alikohoa kila alipompa salamu. Kwenye foleni ya benki, bibi aliyekuwa mbele yake alishika ukuta ghafla, akatazama huku na huko kama aliyeguswa, na Mita akahisi kitu kitamu na cha uvuguvugu kikimshuka kooni, akatoka nje akikimbia, na kukimbia huko hakukumtoa jasho.

Siku hiyohiyo alikwenda hospitali. Mjomba alikuwa amerudishwa kitandani kupata nguvu. Alikuwa anaendelea vizuri, ameshaanza kuwatania wauguzi. Mita alisimama mlangoni, mbali, makusudi.

"Mbona huji karibu, mwanangu?" Mjomba aliuliza.

"Nina neno, Mjomba. Nilisemee hapahapa." Akalisema lote. Ghala, boksi la koili, tarakimu zilizopanda naye ngazi. Simu ya jioni. Swichi chini ya mkono. Hakulia, kwa sababu aliona kulia kungekuwa kuomba. "Ile mara ya tatu nilijua. Nilijua, nikakuita. Sasa kimehamia kwangu."

Mjomba alimtazama. Uso wake haukuonyesha hasira. Ulionyesha kazi, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha Mita akaona kifua chake kimesimama. Kilikuwa hakipandi wala hakishuki. Alidhani ni ile hali imerudi, akapiga hatua moja mbele, na mzee akainua kiganja kumzuia, mashavu yamejaa, macho yamemtoka, na ndipo alipofahamu. Mjomba alikuwa amebana pumzi. Alikuwa ameibana ili yeye asiipate.

"Nijibu tu," Mita alinong'ona. "Hata nitukane."

Mishipa ilimsimama mzee shingoni. Ili kumjibu ingembidi apumue. Akatikisa kichwa taratibu, huku na huku, akaelekeza kidole mlangoni.

Mita akatoka. Kwenye korido alimsikia nyuma yake akiachia pumzi kwa kishindo, akikohoa, akivuta nyingine.

Aliacha kazi kwa barua. Akanunua unga, maji na mishumaa, akajifungia kwenye chumba chake cha kupanga, madirisha yamezibwa kwa taulo, kwa sababu ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote jinsi kitu kile kinavyokufa: kinyime watu, kitaisha. Akachukua karatasi. Siku ya kwanza aliandika saa na jinsi mwili ulivyokuwa. Siku ya pili miguu ilikuwa mizito na mwandiko umepinda. Siku ya tatu hakuweza kuinua kikombe. Alilala sakafuni, shavu juu ya saruji, pumzi zake zinakuja moja moja, na ndani yake alisikia kile kingine kikilalamika kwa sauti ya mtoto aliyeachishwa ziwa, kinafifia, kinafifia. Alifurahi. Alifikiri, kwa hesabu ya kawaida, mpaka jioni kitakuwa kimezima, na kama yeye atazima nacho, haya.

Saa kumi alasiri mlango uligongwa.

Alikuwa jirani wa mlango wa pili, mwalimu wa kwaya, mwanamke mchangamfu mwenye kifua kipana, ambaye asubuhi hufanya mazoezi ya sauti mpaka vioo vinatetema.

"Jirani! Upo? Siku tatu sijakusikia. Nimekuletea uji. Unaumwa?"

Mita alitaka kupiga kelele: nenda, nenda mbali. Lakini hakuwa na pumzi ya kupigia kelele. Kisha akawa nayo. Ilipita chini ya mlango, ya uvuguvugu, nyingi, imefunzwa vizuri, ikamwingia, na miguu yake ikawa miepesi, na vidole vyake vikaacha kutetemeka, na kile cha ndani kikaacha kulia.

"Jirani?" Mwalimu alikohoa kidogo kule nje, akacheka. "Hata mimi leo sijui nina nini. Basi, nikuache upumzike?"

Mita alisimama bila kushika kitu. Akaokota karatasi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Akazungusha ufunguo.

"Usiondoke," alisema. "Ingia, jirani. Kaa hapa, karibu yangu."